Gore alihubiri soko la hewa, faida akaivuna kwenye hisa

Katikati ya mwaka 2008 tani moja ya hewa ukaa ilipanda na kupita dola 7 za Marekani katika soko la Chicago Climate Exchange. Kufikia mwaka 2010 tani hiyo hiyo ilikuwa ikitafuta mnunuzi kwa senti 10, wakati mwingine senti 5, na mwisho wa mwaka huo biashara yake ikafungwa. Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuona bei ya kahawa ikianguka kwa sababu ya mavuno mengi ya Brazil au Vietnam. Huku Chicago hakukuwa na mavuno. Mdororo wa uchumi ulichangia, lakini kilichoimaliza bei ni Baraza la Seneti la Marekani kutopitisha sheria iliyokuwa ikisubiriwa, na bidhaa yenyewe haikuwa na thamani yoyote nje ya sheria hiyo.

Tunarudia habari hii kwa sababu masoko ya hewa ukaa yanapigiwa debe upya, safari hii hapa kwetu, na maneno yanayotumika ni yale yale aliyoyazoeza masikioni mwa dunia Bw. Albert Gore, Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1993 hadi 2001, na mmoja wa waliotunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2007. Kuhusu hatari ya joto la dunia, Gore alikuwa sahihi mapema kuliko wanasiasa wengi wa rika lake, na ukurasa huu hauna ugomvi naye hapo. Ugomvi wetu ni juu ya dawa. Soko alilolihubiri lina nusu mbili: bei na sheria. Nusu ya bei kila mtu anaweza kuihubiri. Nusu ya sheria ni kazi ya mwanasiasa, na yeye aliiacha njiani.

Gore hakuanza na soko. Aliingia Bungeni mwaka 1977, akahamia Seneti mwaka 1985, na mwaka 1992 akatoa kitabu chake cha kwanza cha mazingira, ambamo alipendekeza hewa ukaa itozwe kodi. Februari 1993, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa, serikali ya Rais Clinton ilipendekeza kodi ya nishati iliyopimwa kwa joto linalotolewa na kila aina ya mafuta, na Gore alikuwa mstari wa mbele kuitetea. Baraza la Wawakilishi likaipitisha. Ilipofika Seneti ikauawa, na mahali pake pakawekwa nyongeza ya senti 4.3 kwa galoni ya petroli. Hata bajeti yenye nyongeza hiyo ndogo ilipita kwa shida: Agosti 1993 kura zilifungana 50 kwa 50, na aliyevunja sare ni Gore mwenyewe akiwa Rais wa Seneti. Mwaka uliofuata chama chake kilipoteza Baraza la Wawakilishi baada ya kulishikilia kwa miaka 40. Wajumbe waliokuwa wameipigia kura kodi ile walijiona wameachwa peke yao juani.

Tangu hapo neno kodi likawa mwiko katika siasa za mazingira za Marekani, na neno soko likachukua nafasi yake. Sababu haihitaji uchumi wa chuo kikuu. Kodi mwananchi anaiona kwenye pampu ya petroli na anajua jina la aliyeiweka. Gharama ya kibali cha kuchafua hewa hupita kwanza kwenye vitabu vya kampuni ya umeme, na ikimfikia mnunuzi haina jina la mbunge wala la waziri. Kwa mwanasiasa ni nafuu kubwa. Kwa soko lenyewe ni udhaifu, maana kitu ambacho hakuna mpiga kura aliyekikubali kwa macho mawili huondolewa bila mtu kulalamika.

Mfano wa kufaulu ulikuwepo, na ndio uliowapa Wamarekani ujasiri. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1990, iliyotiwa saini na Rais Bush mkubwa, iliweka kikomo cha gesi ya salfa inayosababisha mvua ya tindikali, ikagawa vibali kwa mitambo ya umeme na kuruhusu viuzwe. Mnada wa kwanza ulifanyika Machi 1993 chini ya Chicago Board of Trade, mahali ambapo kwa zaidi ya karne moja watu walikuwa wakipigiana kelele juu ya mahindi na ngano. Salfa ilipungua haraka na kwa gharama ndogo kuliko ilivyotabiriwa. Lakini angalia kilichokuwa chini ya soko lile. Kila bomba kubwa la moshi lilifungwa kifaa cha kupima. Aliyezidisha alitozwa dola 2,000 kwa tani, tena akakatwa vibali vya mwaka uliofuata. Kikomo kiliandikwa katika sheria ya nchi. Waliokwenda kulihubiri soko duniani walibeba habari za mnada. Habari za faini hazikupata nafasi kwenye mkoba.

Ndipo ikaja Kyoto. Julai 1997 Seneti ilipitisha azimio kwa kura 95 kwa 0 kwamba haitakubali mkataba wowote unaozibana nchi tajiri na kuziacha nchi zinazoendelea, au unaoumiza uchumi wa Marekani. Desemba mwaka huo mazungumzo yalipokwama, Gore alipanda ndege kwenda Japani na kuutangazia mkutano kwamba ameuagiza ujumbe wa Marekani ulegeze msimamo. Mkataba ukapatikana. Ndani yake, kwa shinikizo kubwa la Wamarekani na licha ya mashaka ya Wazungu wa Ulaya, ikaingizwa ruhusa ya nchi kununuliana na kuuziana upungufu wa hewa chafu. Marekani ikatia saini tarehe 12 Novemba 1998. Mkataba haukupelekwa Seneti hata siku moja, na Machi 2001 Rais Bush mdogo akajitoa. Mgeni aliyedai apikiwe pilau aliondoka kabla sufuria haijaepuliwa, na wenyeji waliokuwa wakitaka ugali ndio waliobaki kula: Ulaya ilifungua soko lake mwaka 2005, na kwa miaka mingi likawa kubwa kuliko yote duniani.

Watetezi wa Gore husema Makamu wa Rais hana rungu. Ni kweli, na kura 95 kwa 0 si mlima mdogo. Lakini yapo mambo yaliyokuwa mikononi mwake. Septemba 2000, akigombea urais, mafuta ghafi yalipanda kufikia dola 37 kwa pipa. Bei hiyo ilikuwa ikifanya kile kile ambacho kitabu chake kiliomba kifanyike, yaani kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuchoma mafuta. Tarehe 21 Gore alijitokeza hadharani kutaka akiba ya taifa ya mafuta ifunguliwe ili bei ishuke. Kesho yake Rais Clinton akaidhinisha mapipa milioni 30. Wiki chache baadaye uchaguzi ukaja, Gore akashindwa Florida kwa kura 537, na mapipa yale hayakumsaidia. Mfanyabiashara yeyote angeisoma ishara ile: mtu huyu anaamini bei ya juu ikiwa kwenye kitabu, na bei ya chini ikiwa kwenye kampeni. Hakuwa peke yake, wanasiasa wengi ni hivyo, ila wengi hawaombi tuweke mtaji wetu juu ya bei hiyo hiyo.

Baada ya siasa alifanya vizuri sana, na hilo si kosa. Mwaka 2003 aliingia bodi ya Apple, akakaa humo hadi 2024. Mwaka 2004 yeye na Bw. David Blood, aliyekuwa akiongoza kitengo cha usimamizi wa mali cha Goldman Sachs, walianzisha Generation Investment Management, makao yake London. Mwaka 2006 ikatoka filamu iliyompa sifa dunia nzima. Mwaka 2007 akajiunga na Kleiner Perkins, wawekezaji wa California wanaokuza makampuni machanga. Kwa mujibu wa hesabu zilizochapishwa Marekani mwaka 2015, mfuko mkuu wa hisa wa Generation ulikuwa umezaa wastani wa asilimia 12.1 kwa mwaka kwa miaka kumi, wakati kipimo cha hisa za dunia cha MSCI kiliongezeka kwa kama asilimia 7. Meneja yeyote angejivunia rekodi hiyo.

Lakini faida ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye hisa za makampuni yaliyochaguliwa kwa uangalifu, yenye mauzo, mizania na wateja, yaliyoandikishwa katika masoko ya kawaida. Vyeti vya hewa ukaa havikuwa nguzo ya mfuko huo. Aliposimama jukwaani Gore alieleza jinsi bei ya hewa ukaa itakavyoiokoa dunia. Alipokaa mezani na fedha za mifuko ya pensheni alinunua makampuni yenye mapato. Hatusemi alimdanganya mtu. Aprili 2009, mbele ya kamati ya Bunge, mjumbe wa Tennessee, jimbo lake mwenyewe, alimuuliza kama sheria aliyokuwa akiitetea ingemtajirisha. Akajibu kwamba fedha aliyoipata katika shughuli hizo aliitoa kwa taasisi isiyo ya faida, na kwamba anaweka fedha pale anapoweka maneno. Tunalikubali jibu hilo. Swali ambalo hakuulizwa siku ile ni kwa nini mwekezaji mdogo aende kwenye vyeti wakati mwenye mahubiri yuko kwenye hisa.

Sheria iliyojadiliwa siku ile ilipita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 26 Juni 2009 kwa kura 219 kwa 212. Mwaka 2010 ikafia Seneti bila hata kupigiwa kura. Hapo ndipo soko la Chicago lilipokosa hewa. Lilikuwa limeanzishwa na Bw. Richard Sandor, mtaalamu aliyesaidia kubuni biashara ya mikataba ya riba tangu miaka ya 1970, na lilianza kazi mwaka 2003 kwa wanachama wa hiari. Makampuni yalijiunga yakitegemea kwamba sheria inakuja na kwamba aliyewahi atapata punje ya mbele. Sheria haikuja.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 2010 kampuni mama ya soko hilo iliuzwa kwa IntercontinentalExchange kwa pauni za Uingereza milioni 395 hivi. Mnunuzi hakutoa fedha zote hizo kwa ajili ya vibanda vya Chicago vilivyokuwa vikifungwa. Kampuni hiyo ilikuwa pia na soko la London, ambako vibali vya Ulaya viliuzwa chini ya sheria na faini. Mwenye mali ni mmoja, teknolojia ni moja, bidhaa ni hewa ile ile. Upande mmoja senti 5, upande mwingine biashara ya mabilioni.

Ulaya nayo haikwepi lawama. Aprili 2006 ilipogundulika kwamba viwanda vimegawiwa vibali kuliko moshi wao, bei iliyokuwa ikikaribia euro 30 ilipoteza zaidi ya nusu kwa siku chache, na vibali vya awamu ile vilimaliza mwaka 2007 vikiwa havina thamani. Vikaanguka tena chini ya euro 3 mwaka 2013. Serikali zilipoanza mwaka 2019 kuondoa ziada sokoni na kuihifadhi, bei ikapanda, na Februari 2023 ikagusa euro 100. Aliyeipandisha ni mtunga sheria, kama ambavyo ndiye aliyekuwa ameishusha.

Tawi la Kyoto lililotuhusu sisi liliitwa utaratibu wa maendeleo safi. Nchi tajiri ilipe mradi katika nchi maskini, ipewe vyeti kwa kila tani iliyopunguzwa. Fedha zilikwenda wapi? Sehemu kubwa sana ya vyeti vya miaka ya mwanzo ilichukuliwa na viwanda kama ishirini tu, vingi vikiwa China na India, vilivyotengeneza gesi ya majokofu. Katika kazi hiyo hutoka gesi taka iitwayo HFC-23, na tani yake moja ilihesabiwa sawa na tani 11,700 za hewa ukaa. Kuichoma ni gharama ndogo. Cheti chake kikawa na faida kuliko gesi ya majokofu yenyewe, hata ikadaiwa kwamba baadhi ya wenye viwanda walikuwa wakizalisha zaidi ili wapate uchafu zaidi wa kuchoma. Ulaya ilikataa vyeti hivyo kuanzia mwaka 2013. Afrika nzima iliambulia asilimia chache tu ya miradi. Bei ya cheti, iliyopita euro 20 mwaka 2008, ilikuwa chini ya euro moja mwaka 2012 ulipokwisha.

Anayenunua korosho Mtwara anaweza kuzikata akaona zilizooza. Akishika stakabadhi ya ghala, kuna ghala lenye paa na mlinzi. Cheti cha hewa ukaa kinamlipa mtu kwa moshi ambao haukutoka au mti ambao haukukatwa, na kiasi hupatikana kwa kukisia kipi kingetokea kama mradi usingekuwepo. Anayekisia mara nyingi analipwa na muuzaji. Lumbesa ya namna hii haionekani kwa macho, na mwaka 2023 magazeti ya Ulaya yalipochapisha uchunguzi kwamba vyeti vingi vya misitu vilivyoidhinishwa na Verra, taasisi kubwa kuliko zote katika kazi hiyo, havikuwa na upungufu halisi nyuma yake, Verra ilipinga mahesabu hayo lakini wanunuzi wengi walirudi nyuma.

Ipo miradi ya kweli. Ghuba ya Gazi, Kwale, wanavijiji wanalinda hekta 117 za mikoko tangu 2013 na kuuza kama tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimejenga maji na kusaidia shule. Tunaitaja kwa heshima. Lakini tani 3,000 ni mradi wa kijiji, na mtu asiitumie kuuza hisa za kampuni inayodai mamilioni ya tani.

Gore kama mtabiri wa masoko ana rekodi mchanganyiko. Oktoba 2013 yeye na Blood waliandika kwamba mali za mafuta na makaa zimevimba bei na zitapasuka. Kwa makaa walipata: Peabody, kampuni kubwa kuliko zote za makaa Marekani, iliomba hifadhi ya mufilisi Aprili 2016. Kwa mafuta, aliyeuza ExxonMobil kwa kuwasikiliza na akaendelea kukaa nje aliikosa faida ya dola bilioni 55.7 ya mwaka 2022, ambayo kampuni hiyo haikuwahi kuifikia. Na Januari 2013, miezi michache kabla ya onyo hilo, Gore na wenzake waliuza kituo chao cha televisheni kwa Al Jazeera, mali ya serikali ya Qatar, nchi iliyotajirika kwa gesi, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 500 hivi. Alijitetea kwamba Al Jazeera hutangaza vizuri habari za tabianchi. Labda. Hati ya fedha ilitoka kwenye kisima kile kile.

Septemba 2023 Rais Ruto aliwakaribisha viongozi wa Afrika Nairobi, na kundi la makampuni ya Falme za Kiarabu likatangaza litanunua vyeti vya Afrika vya dola milioni 450 kufikia mwaka 2030. Barua ya nia haimfungi aliyeiandika. Kilichotupendeza zaidi mwaka ule ni kitu kisichopigiwa makofi: Kenya ilirekebisha sheria yake ya tabianchi, na sasa mradi unaotumia ardhi unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Tanzania ilikuwa imetoa kanuni zake mwaka 2022. Wawekezaji wa nje wanalalamikia masharti haya kwamba yanapunguza faida. Sisi tunayaona kuwa ndiyo paa la ghala, ingawa mlinzi bado hajajaribiwa.

Kwa wasomaji wanaoletewa vyeti na madalali, la kuuliza kwanza ni mwaka wa usajili wa mradi, kabla ya bei. Mkutano wa Glasgow mwaka 2021 uliamua kwamba vyeti vya zamani vya Kyoto vinavyoweza kuhesabiwa na nchi chini ya Mkataba wa Paris ni vya miradi iliyosajiliwa tangu tarehe 1 Januari 2013. Mradi wa kukusanya gesi ya dampo la Mtoni, Dar es Salaam, ulisajiliwa mwaka 2007.